Bi Pindo na Uzi wa Kijani

Kila asubuhi, kabla hajashusha miguu kitandani na kabla hajasema na mtu yeyote, marehemu mama yetu alikuwa akishika pindo la shuka alilolalia na kulisugua taratibu kati ya vidole viwili, macho yamefumbwa. Sisi watoto tulidhani anasali, na kwa miaka mingi tulinyamaza kwa heshima tukimwona. Kumbe alikuwa anakagua ushono. Akiridhika alishusha pumzi, akaamka. Asiporidhika aliamka vilevile, lakini siku hiyo chai ilichelewa, kwa sababu sindano ilitangulia. Alifanya hivyo nyumbani, alifanya hivyo ugenini, na alifanya hivyo mpaka asubuhi yake ya mwisho.

Alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Aprili 1961, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake, yaani bibi yetu, alikuwa akiwafulia nguo watu wa nyumba kubwa. Uchungu ulimkamata Bibi akiwa anaanua nguo, na mtoto alipotoka hapakuwa na kitambaa kikavu isipokuwa shuka moja jeupe la mteja. Akafungwa humo. Kesho yake shuka likafuliwa, likapigwa pasi, likarudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe akasifu jinsi lilivyotakata. Marehemu aliipenda mno habari hii. Alikuwa akisema hawezi kubabaishwa na tajiri yeyote, maana shuka la tajiri alianza kulilalia siku ya kwanza duniani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Katika kusoma alikuwa wa pili darasani, katika ushonaji hakuwa na wa kumfuata. Mwalimu wake wa ushonaji aliwafundisha kushona pindo wakiwa wamefumba macho, akiwaambia kwamba nguo inavaliwa na ngozi, si na macho. Marehemu alifaulu mtihani wa mwisho, lakini mwaka huo nyumbani palikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja tu, na kaka yake naye alikuwa amefaulu. Hakulalamika mbele ya mtu. Alichobaki nacho ni kitabu kimoja cha hadithi kisichokuwa na kurasa za mwisho, ambacho alitusomea sote watatu tulipokuwa wadogo. Kila alipofika pale kurasa zilipokatikia aliendelea bila kutua, na kila mara mwisho ulikuwa mwingine. Mara msafiri alifika kwao, mara aligeuka mvua. Nilipojua kusoma ikawa zamu yangu kumsomea, mchana wa Jumapili, yeye akipiga pasi. Alikuwa anasikiliza kwa mikono. Nikifika mahali pa huzuni, pasi ilipunguza mwendo.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu, akafanya kazi humo kwa miaka thelathini na mitano. Wengi wenu mnaijua hospitali ile kwa mlango wa mbele. Yeye aliijua kwa mlango wa nyuma, kando ya boila, mtambo wa kuchemshia maji, ambako palikuwa na mashine tatu zenye vioo vya duara, kamba ndefu za kuanikia, na meza ya kukunjia yenye urefu wa vitanda vinne. Mvuke haukukoma. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa huko siku za likizo, nikawa naona wanawake kuanzia kiunoni kwenda juu tu, miguu haipo, wakielea na kupeana mashuka kama watu wanaokunja mawingu. Mpaka leo nikiota ndoto nzuri, huwa imejaa mvuke na harufu ya sabuni.

Kazi ya marehemu hasa ilikuwa kutia alama. Mashuka ya wadi ya ghorofa ya juu, kwa wagonjwa wa kulipia, yalishonwa kwenye pindo mshono mfupi wa uzi wa kijani. Mashuka ya wadi kuu ya chini yalishonwa uzi mwekundu. Uzi wa kijani ulikuwa wa nailoni na unateleza. Mwekundu ulikuwa wa pamba. Shuka la juu likichakaa, marehemu aliufumua uzi wa kijani, akatia mwekundu, nalo likaenda kumalizia maisha yake chini. Halikuwahi kupanda shuka la chini kwenda juu. Fundi wa boila, ambaye yupo nasi hapa leo na ambaye sote tunamwita Fundi Boila, alikuwa akisema ndiyo maana yakaitwa mashuka, kwa sababu kazi yao ni kushuka. Ni yeye pia aliyempa marehemu jina la Bi Pindo. Alikuwa akimtania: “Bi Pindo, wewe ukifa utaenda kumkagulia Mungu mawingu.” Naye alimjibu kwamba ataanza na lile litakalomnyeshea Fundi.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989 na baba yetu, mchoraji wa mabango ya maduka. Walikutana kwa njia ya shuka. Baba alikuwa amelazwa wadi ya chini na mguu uliovunjika, kitanda namba kumi na saba, na shuka lake lilikuwa fupi kiasi kwamba akifunika kifua miguu inabaki nje. Akabandika karatasi kwenye lile shuka lilipokwenda kufuliwa: “Wapendwa wa kufulia, naomba mniambie ni upande gani wa mwili wangu mnaoupenda zaidi, ndio niufunike.” Jibu lililetwa na marehemu mwenyewe, pamoja na shuka alilounganisha kipande chini. Katika ndoa yao yeye ndiye aliyekuwa akimchagulia Baba rangi. Baba alichanganya, akaita, na marehemu alitoka jikoni, akaangalia mara moja tu, akasema, “Ongeza tone la njano.” Baba alikuwa akijigamba kwa wateja kwamba macho ya mke wake yangeweza kutofautisha weupe wa maziwa ya asubuhi na ya jioni. Mungu aliwajalia watoto watatu: kaka yetu, dada yetu, na mimi kitindamimba. Baba alitangulia tarehe 8 Oktoba 2011.

Mwaka 2014 kazi ya kufua ilikabidhiwa kampuni ya usafi. Marehemu na wenzake kumi na mmoja wa chumba kile walibaki kwenye meza ileile, na mashine zilezile, ila majina yao yalitoka kwenye daftari la hospitali. Marehemu alisema haoni tofauti, kwani uchafu haujabadilisha mwajiri. Tofauti tuliiona baadaye.

Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifika. Redio ilisema ugonjwa ule haubagui, na ukutani pa hospitali yakabandikwa maneno hayohayo kwa herufi kubwa. Marehemu, ambaye alikuwa akifua mashuka ya pande zote mbili, sikumsikia akiyasema hata siku moja. Watu wa ofisini walirudi nyumbani na kazi zao. Kazi ya kufua haibebeki, wala ya kulinda geti, wala ya kusukuma kitanda cha mgonjwa, kwa hiyo watu wa kazi hizo walipewa karatasi yenye mhuri na kuendelea kutembea. Magari yalipozuiwa, marehemu alikwenda kwa miguu, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Alituambia mji ulikuwa kama umepigwa pasi, hakuna mkunjo, hakuna mtu. Kwenye nyumba kubwa aliona kupitia mapazia mwanga wa buluu, watoto wamekaa kila mmoja mbele ya kioo chake, wakisoma. Kwetu tulikuwa na simu moja yenye ufa, mimi nikiwa mwaka wa tatu chuoni na watoto wa dada wakiwa shule ya msingi. Mmoja akiwa na kipindi, wawili walisubiri kwenye ngazi.

Wakubwa ambao zamani wakiugua walipelekwa ng'ambo, sasa, anga zilipofungwa, walikuja kulazwa ghorofa ya juu ya hospitali yetu. Ikawa kwa mara ya kwanza wenye nacho na wasio nacho wanaugua ugonjwa mmoja ndani ya jengo moja, wametenganishwa na ngazi tu. Juu kila mtu alikuwa na chumba chake na mtungi wake wa hewa, mashuka yalibadilishwa mara tatu kwa siku, na kabati la akiba lilijaa mpaka mlango ukawa unafungwa kwa bega. Chini walilala wawili kitanda kimoja, halafu sakafuni. Waliambiwa waje na matandiko kutoka nyumbani, wakati ndugu zao walikuwa wamezuiwa getini.

Siku moja ya mwezi Julai marehemu alirudi, akakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu. Alisema furushi la wadi ya chini siku hiyo halikuwa na shuka hata moja. Lilikuwa na koti la mvua, sweta ya shule na pazia.

“Mtu amelalia pazia,” alisema. Kisha akaongeza, “Pete zake za kutundikia zilikuwemo bado.”

Jumapili iliyofuata aliniomba nimsomee kama kawaida, lakini pasi haikutembea kabisa, mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Ndiyo mara pekee ninayokumbuka kumwona ameunguza kitu.

Kuanzia mwezi ule alikuwa akichelewa kurudi. Alisema kuna kazi ya kufumua. Hatukuuliza.

Mwishoni mwa mwaka redio ilitangaza kwamba chanjo imepatikana, na kwamba baadhi ya nchi zimeshajiwekea dozi zinazozidi idadi ya watu wao mara kadhaa, wakati nyingine hazijaona hata chupa. Marehemu alikuwa anashona pindo la gauni la jirani. “Kumbe hata dunia ina ghorofa,” alisema, akakata uzi kwa meno.

Jumanne tarehe 19 Januari 2021, mkuu wa wadi ya juu alifungua kabati la akiba, na alipolifunga, mlango ukafungika bila bega. Akahesabu. Hakuna mgonjwa wake hata mmoja aliyekuwa amekosa shuka, lakini mashuka tisini na sita hayakuwepo. Yalikutwa wadi ya chini, yametandikwa vitandani na sakafuni, mapya, mazito, kila moja na mshono mfupi wa uzi mwekundu uliopigwa kwa ustadi kwenye pindo. Mkono ule kila mtu aliujua. Marehemu akaitwa ofisini kwa msimamizi wa kampuni, ambako neno la wizi lilikuwa limeshatajwa, na polisi pia.

Fundi Boila aliingia bila kuitwa. Yaliyosemwa mle tunayajua kutoka kwake. Alimwambia msimamizi kwamba mama huyu ni mtu mzima, macho yameisha, kijani na nyekundu kwake ni kitu kimoja. “Juzi alilisalimia boila akidhani ni mimi,” alisema, “na boila kwa bahati mbaya halikuitika, akalinunia mpaka jioni.” Watu wakacheka. Mtu akishachekwa ni vigumu kumpeleka polisi. Marehemu alipoulizwa kama ana la kusema, alijibu kwamba hana la kuongeza.

Barua yake ya kuachishwa kazi ni ya tarehe 26 Februari 2021. Inasema sababu ni “udhaifu wa macho uliosababisha makosa ya kurudiarudia katika kutenganisha mashuka.” Mtu aliyekaa miaka thelathini na mitano bila kukosea alirudi nyumbani akiwa amebeba kikombe chake, makasi yake na karatasi hiyo.

Sisi wanawe tuliamini. Nasema hivi kwa aibu, mbele yake na mbele yenu. Majirani nao waliamini. Waliokuwa wakimletea magauni kushonewa mapindo walianza kupita kando, wakimwamkia kwa sauti kubwa kama anayesemeshwa kutoka ng'ambo ya mto, na mmoja alimshika mkono kumvusha barabara ambayo marehemu hakuwa na nia ya kuivuka. Alivuka, akashukuru, akasubiri jirani aondoke, akarudi. Sisi tulichangishana tukamnunulia miwani minene yenye fremu ya kahawia. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliivaa kila siku mbele yetu, na alipotaka kutunga uzi kwenye sindano aliivua kwanza, akatunga, kisha akaivaa tena na kutushukuru kwa miwani nzuri.

Mwezi Machi chanjo za kwanza zilifika hospitalini. Orodha ilianza na madaktari, wauguzi, watu wa maabara, ikashuka mpaka watunza daftari. Wanawake wa kufulia hawakuwemo, kwa kuwa walikuwa watu wa kampuni. Na marehemu hakuwa tena hata wa kampuni. Wanawake wawili wa meza ile ya kukunjia walifariki kabla mtu hajakumbuka kuwaandika. Majina yao marehemu aliyataja kila tulipokaa kula, bila kueleza kwa nini.

Yeye mwenyewe aliugua tarehe 11 Mei 2021, akalazwa siku kumi na tisa wadi ya chini. Hatukuruhusiwa kuingia. Kaka alisimama getini kila siku, na muuguzi alikuwa akimtolea habari. Asubuhi ya kwanza muuguzi alimwambia kwamba mama ameamka akiwa amefumba macho, akashika pindo la shuka alilolalia, akalisugua, akatabasamu, na wao wakadhani homa imempanda. Sasa tunajua kwamba waliokwenda kuyarudisha yale mashuka juu hawakuyapata yote.

Alipona, ila kifua chake hakikurudi. Aliishi miaka karibu minne akipumua kama mtu anayepanda ngazi akiwa amekaa. Hakuacha kushona. Alitengeneza mapindo ya nyumba nzima, ya mapazia, ya mataulo, hata ya kitambaa cha kufutia meza, na alipomaliza aliyafumua ya kwanza akaanza upya. Mchana alipenda kulala dirishani, upande wa kamba ya nguo, akiangalia mashuka yakijaa upepo na kupungua, yakijaa na kupungua, na midomo yake ilikuwa ikifuatisha. Mwezi Januari mwaka huu hali ilibadilika. Tulimpeleka hospitali mara tatu. Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Pindo alikuwa ameshalikagua.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mmoja ambaye ndiye aliyesoma kwa nafasi yake na ambaye ameomba nilitaje hilo, Fundi Boila, na wanawake tisa wa meza ya kukunjia, ambao wameomba wahesabiwe kama ndugu. Tumewahesabu. Mungu amlaze mahali palipotandikwa vizuri, na kama huko kuna mawingu ya kukaguliwa, basi Fundi ajihadhari na mvua.

Limebaki neno moja. Tulipokaa kupanga wasifu huu, kaka yangu, kwa kumpenda mama yetu na kutaka jina lake lilale salama, alinishauri niandike tu kwamba alistaafu. Nilimwomba radhi, nikakataa, na namwomba radhi tena hapa. Mimi si mwepesi wa kuuliza. Katika maisha yangu nilimsomea mama yangu vitabu vingi kuliko maneno yangu mwenyewe niliyomwambia. Lakini mwezi Februari mwaka huu, siku ya Jumatano, mchana, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake natafuta kadi ya hospitali ndani ya sanduku, nikaikuta ile barua. Nikaisoma pale pale. Nilipoinua macho, marehemu alikuwa ameisukuma miwani juu ya kichwa na anatunga uzi kwenye sindano ndogo kuliko zote. Uzi ulipita mara moja.

Nikamwonyesha barua. “Mama,” nikasema, “yale mashuka tisini na sita. Ulikuwa huzioni rangi?”

Alifunga fundo, akalivuta kuona kama limekaza. Nje mashuka yalijaa upepo, yakapungua.

“Nilikuwa naziona,” alisema.